Daktari wa Familia Kwenye Mbio za Pikipiki: Namna ya Kujipanga Kabla Injini Hazijawashwa

Mwandaaji wa mbio za pikipiki anapompigia simu daktari wa familia, mara nyingi anachotafuta ni jina la kujaza kwenye fomu ya kibali. "Daktari, njoo tu ukae pale, gari la wagonjwa lipo." Ukikubali kwa masharti hayo umeshajiweka pabaya. Siku kijana akianguka kwenye tuta la mwisho na hapumui, hakuna atakayeuliza mwandaaji aliahidi nini. Watamtafuta daktari.

Mwongozo huu ni wa madaktari wa familia na wenzao wa vituo vya afya wanaoombwa kusimamia huduma ya dharura kwenye motokrosi, yaani mbio za pikipiki kwenye njia ya udongo yenye matuta, iwe ni kiwanja kinachojulikana kama Jamhuri jijini Nairobi au kile cha muda kilichochongwa kwa greda shambani mwa mtu. Usijione mdogo kwa kuwa si bingwa wa upasuaji. Huko Ireland Kaskazini, ambako mbio hukimbizwa kwenye barabara za kawaida zilizofungwa kwa siku hiyo, Fred MacSorley alikuwa daktari wa familia, na kwa miaka mingi aliwafuata waendeshaji akiwa yeye mwenyewe juu ya pikipiki, mkoba wa dharura mgongoni. Kinachookoa watu uwanjani ni mambo ya msingi yaliyofanywa mapema, na mtu mwenye ubavu wa kusema "simamisheni".

Hatua ya 1: Weka masharti yako kwa maandishi

Masharti manne yanatosha, na usiyalegeze.

La kwanza, daktari ana mamlaka ya kusimamisha mbio, na mkurugenzi wa mashindano atatii kwanza, maswali baadaye. La pili, pasipo gari la wagonjwa lenye wahudumu wake, hakuna pikipiki inayoingia njiani, hata kwa mazoezi ya asubuhi. Hapo kwenye mazoezi ndipo waandaaji wengi hutaka kupenyeza, kana kwamba mtu hawezi kuvunjika shingo saa mbili asubuhi. La tatu, gari likiondoka kwenda hospitali, mbio zinasimama mpaka lirudi au lije jingine. Kwa hiyo mwambie mapema: magari mawili ni nafuu kwake kuliko watazamaji waliolipa kiingilio kukaa juani saa moja na nusu. La nne, wewe ndiye unayeamua nani anarudi kuendesha baada ya kuanguka. Si baba yake, si fundi wake, si mdhamini.

Katika mashindano yanayofuata kanuni za FIM, shirikisho la kimataifa la michezo ya pikipiki, haya si mageni. Kanuni zake za tiba zinampa mganga mkuu wa mashindano nafasi yake rasmi. Kwenye mbio ndogo za klabu ndiko utakakolazimika kuyadai. Hakikisha pia leseni yako ya udaktari haijaisha na bima yako ya kitaalamu inagusa kazi ya nje ya kituo chako. Bima nyingi haziigusi, na watu hugundua wakiwa wameshachelewa.

Hatua ya 2: Anza na hospitali, si uwanja

Kabla hujaenda kuangalia matuta, piga simu hospitalini. Omba kuongea na zamu ya kitengo cha dharura, usiishie kwa mapokezi. Uliza: Jumapili hiyo daktari wa upasuaji yupo au anaitwa kutoka nyumbani? Mashine ya CT, ile ya kupiga picha za ndani ya kichwa na tumbo, inafanya kazi, na kuna mtu wa kuiendesha wikiendi? Damu ipo? Hospitali iliyo karibu ikikosa haya, mgonjwa wa kichwa atapoteza muda pale halafu apewe rufaa. Amua mapema: mtulinga na kifundo cha mkono viende hapa, kichwa na tumbo viende kule.

Kisha ipite njia hiyo mwenyewe, saa zilezile ambazo mbio zitakuwa zinaendelea. Gulio la Jumapili linaweza kugeuza dakika ishirini zikawa sitini. Uwanja ukiwa mbali na mji, jua kiwanja cha ndege kilicho karibu na uwe na namba ya huduma ya ndege za wagonjwa kwenye simu yako. Hiyo si namba ya kuanza kutafuta mtu akiwa amelala chini.

Hatua ya 3: Kagua gari la wagonjwa kwa mikono yako

Gari lenye king'ora na maandishi mekundu ubavuni linaweza kuwa tupu ndani. Usiulize "kila kitu kipo?" Utajibiwa ndiyo. Panda, fungua, washa.

Anza na oksijeni. Mtungi umejaa, lakini spana ya kuufungulia ipo? Mita inasoma? Halafu fanya hesabu. Mtungi wa lita 680 ukiufungulia lita 10 kwa dakika unakupa dakika 68. Ukiufungulia lita 15 unabaki na dakika 45. Ukichukua muda wa safari ya kwenda hospitali, ukaongeza muda wa kumhudumia mgonjwa pale chini, utajua mtungi mmoja unatosha au hautoshi. Kwa viwanja vingi vya kwetu hautoshi.

Mashine ya kufyonza iwashe uone inavuta. Ichovye kwenye kikombe cha maji. Kama haivuti maji haitavuta damu na matapishi. Machela ivute mpaka nje, ifunge na kufungua miguu yake. Jaribu mikanda. Muulize dereva kama anaijua njia ya hospitali uliyochagua, na aitamke mwenyewe. Angalia mafuta.

Hatua ya 4: Mkoba wako

Usibebe duka la dawa. Beba vitu utakavyovifikia ukiwa umepiga magoti kwenye tope, injini zikinguruma mita chache kutoka hapo.

Kwa njia ya hewa: mfuko wa kupumulisha na barakoa zake, za wakubwa na za watoto, na vile vifaa vya kuzuia ulimi usiangukie kooni vya saizi zote. Kwa damu: mikanda ya kukaza ya mguu na mkono, bandeji nyingi, na dawa ya tranexamic acid. Dawa hii unaifahamu kutoka wodi ya wazazi, ileile wanayopewa mama wanaotokwa damu nyingi baada ya kujifungua. Kwa majeruhi mkubwa ni gramu 1 kwenye mshipa taratibu kwa dakika 10, na inatakiwa iingie ndani ya saa 3 tangu ajali. Ikiingia mapema zaidi ndiyo bora. Ni ya bei nafuu na haihitaji friji. Sioni sababu ya kuikosa.

Kwa maumivu, ketamini kwa dozi ndogo, miligramu 0.1 hadi 0.3 kwa kila kilo, taratibu. Humtuliza mtu aliyevunjika paja bila kumwangusha presha kama mofini inavyoweza kufanya. Ongeza oksimita ya kupima oksijeni kwenye damu, kipimo cha sukari, mkasi mzito wa kukatia nguo za ngozi, kola za shingo na vibao vya kufungia mifupa.

Na khanga mbili. Mgonjwa ambaye unashuku amevunjika nyonga hatakiwi kubinywabinywa wala kutikiswa kiunoni ili "uhakikishe". Kunja khanga iwe pana kama kiganja na nusu, ipitishe chini yake taratibu, ifunge kwa nguvu ikikaa juu ya vile vifundo viwili vya mifupa unavyovishika pembeni ambapo paja linaanzia. Wengi huifunga kiunoni, juu mno. Hapo haisaidii kitu. Kisha funga magoti pamoja, na vifundo vya miguu pamoja. Mikanda ya kununua ipo na ni mizuri, lakini khanga iliyokaa mahali pake inashinda mkanda wa dola nyingi uliokaa tumboni.

Hatua ya 5: Asubuhi ni ya wasimamizi wa njia

Dakika ishirini na wale vijana wenye bendera zitaokoa watu wengi kuliko chochote kilichomo mkobani mwako. Watu wetu wamejifunza huduma ya kwanza kwenye ajali za bodaboda: mmoja anashika mikono, mwingine miguu, wanamtupa nyuma ya pikapu, twende. Wanafanya kwa huruma. Lakini mtu aliyevunjika shingo akinyanyuliwa hivyo anaweza asitembee tena.

Wafundishe mambo matatu tu. Usimwinue. Peperusha bendera kwanza kabla hujakimbilia majeruhi, usije ukagongwa wewe. Na namna ya kuripoti kwenye redio ya upepo: kituo, namba ya pikipiki, hali. Hali ziwe tatu: "amesimama", "amelala anaongea", "amelala hajibu". Kwa mfano: "Kituo cha saba, namba ishirini na nne, amelala hajibu." Basi. Jina la mtu halitajwi redioni, kwa sababu mama yake anaweza kuwa amesimama jirani na mwenye redio. Mtangazaji wa jukwaani naye apewe onyo hilohilo.

Wakumbushe waendeshaji kwamba bendera nyeupe yenye msalaba mwekundu maana yake kuna watu wa tiba njiani: punguza mwendo, usiruke tuta, usimpite mtu. Mtu anayeruka tuta haoni aliyelala upande wa pili. Nyekundu ni kusimama wote.

Kwenye meza ya usajili weka mizani. Watoto wa pikipiki ndogo, daraja la injini za 50cc na 65cc, wapimwe, na kilo zao ziandikwe kwenye plasta nyuma ya helmeti. Dozi ya mtoto inataka uzito, na saa ile hutapata mtu wa kukuambia. Kundi la damu lililoandikwa kwenye helmeti usilitegemee. Hospitali itapima upya.

Hatua ya 6: Mahali pa kukaa

Kona ya kwanza baada ya kuanza, wote bado wamebanana, ndiyo yenye maangukio mengi. Kaa unapoiona hiyo na tuta kubwa kuliko yote, gari likiwa limeelekezwa njia ya kutokea na hakuna aliyeegesha mbele yake. Hema la wageni waalikwa lina kivuli na soda baridi, lakini kutoka pale huoni chochote.

Hatua ya 7: Ameanguka

Usikimbie kabla bendera haijapeperushwa. John Hinds, daktari wa ganzi na mwenzake MacSorley, alifariki Julai 2015 baada ya kuanguka na pikipiki akiwa kazini kwenye mazoezi ya mbio za Skerries, kaskazini mwa Dublin. Alikuwa miongoni mwa wajuzi wakubwa wa kazi hii. Uwanja haumchagui mtu. Vaa fulana inayong'aa, mkabili anayekuja badala ya kumpa mgongo, na mwache msimamizi mmoja akulinde kwa bendera muda wote. Pikipiki izimwe. Petroli ikimwagika, sogeza watu na sigara zao.

Mmoja ashike kichwa na kukituliza, wewe anza kazi. Damu inayoruka huzuiwa kwanza: gandamiza, na kama ni mkono au mguu na haikomi, kaza mkanda juu ya jeraha, andika saa kwenye mkanda au kwenye paji la uso wake. Halafu njia ya hewa.

Hapa nitakaa kidogo. Hinds alikuwa akisisitiza jambo ambalo vitabu vingi vililipita haraka: mtu anayepigwa sana kichwani anaweza kuacha kupumua papo hapo, ingawa ubongo wenyewe haujaharibika kiasi cha kumuua. Moyo bado unadunda. Akiachwa dakika chache, moyo nao unasimama kwa kukosa hewa, na wote watasema "alikufa palepale". Akifunguliwa njia ya hewa na kupumulishwa, anaweza kurudi. Ndiyo maana nasema dakika tatu za kwanza ni zako, si za hospitali, na ndiyo maana msimamizi aliye karibu afundishwe kusukuma taya mbele bila kuipinda shingo. Huo ni ujuzi wa dakika tano.

Njia ya hewa ikishafunguka, tazama kifua. Pande zote zinapanda? Anayehangaika kupumua, upande mmoja hauna sauti, presha inaporomoka, ana hewa iliyonaswa kifuani na hataifikia hospitali akiwa hivyo. Itoe kwa sindano, nafasi ya tano kati ya mbavu, mbele kidogo ya mstari wa katikati ya kwapa. Kanula fupi ya kawaida mara nyingi haifiki kwa mtu mzima mwenye misuli, beba ndefu.

Tumbo lina hila zake. Ncha ya usukani ikimchoma mtu ubavuni inaacha alama ya duara ndogo, ameamka, anataka maji, anakuambia yuko sawa. Wengu au ini vinaweza kuwa vinavuja ndani. Mtu wa namna hii, hasa mtoto, haendi nyumbani na panado. Mapigo yakipanda kila ukipima, usingoje presha ishuke ndipo uamini.

Mtulinga, kifundo cha mkono, kifundo cha mguu: hivi utaviona kuliko vyote. Angalia mapigo na hisia chini ya jeraha, funga, tuliza maumivu, mpeleke. Usiruhusu fundi "amvute kidogo".

Hatua ya 8: Helmeti

Kama anapumua vizuri na anaongea, hakuna haraka. Kama hapumui, inatoka sasa, na inatolewa na watu wawili.

Wa kwanza anapiga magoti upande wa utosi na kushika helmeti pande zote mbili, kichwa kisitikisike. Wa pili anavua miwani, anakata mkanda wa kidevu, kisha anaweka mkono mmoja tayani na mwingine chini ya shingo mpaka kisogoni. Kuanzia hapo kichwa ni mali ya wa pili. Wa kwanza anapanua helmeti kwa pembeni na kuivuta, akiinamisha nyuma kidogo ipite pua, halafu mbele kidogo ipite kisogo. Ikitoka, wa pili asilegeze: kichwa kitataka kudondoka nyuma. Wa kwanza anakipokea, mnaweka kitambaa kilichokunjwa chini yake.

Helmeti nyingi mpya za motokrosi zina vitambaa vyekundu chini ya mashavu. Ukivivuta, mito ya mashavu inatoka na helmeti inalegea. Kinga ya shingo nayo ina vifungo vyake. Zoezeni asubuhi kwa kijana mzima, kila aina ya helmeti iliyopo uwanjani. Na helmeti iende hospitali pamoja na mwenyewe. Iliyopasuka inamweleza daktari wa huko mengi.

Hatua ya 9: Anayetaka kurudi njiani

Huu ndio ugomvi utakaoupata hata siku ambayo hakuna aliyevunjika.

Kijana ameanguka, amenyanyuka, macho hayatulii. Muulize: Tuko uwanja gani? Hii ni mbio ya ngapi leo? Nani alishinda iliyopita? Akisitasita, akirudia swali lilelile, akitapika, akiyumba, au walio karibu wakisema alizimia hata sekunde chache, amepata mtikisiko wa ubongo mpaka ithibitike vingine. Haendeshi tena siku hiyo. Msimamo wa wataalamu wa michezo duniani juu ya hili hauna utata, na kwa watoto ndio mkali zaidi. Fomu ya SCAT6, iliyotoka 2023, itakusaidia kumpima kwa utulivu kuanzia miaka 13, na ipo ya watoto wa miaka 8 hadi 12. Inataka dakika 10 hadi 15 na mahali pa kimya. Usiijaze ukiwa umesimama kando ya njia.

Baba atakuja. "Daktari, huyu ni mwanangu, namjua. Ameteleza tu. Nimetumia hela nyingi kufika hapa."

"Nakusikia, mzee wangu. Leo hapandi."

"Basi mbio ya mwisho tu, ya pointi."

"Leo hapandi, baba. Njoo tukae hapa nikueleze cha kuangalia usiku."

Usibishane naye kwa maneno makubwa ya kitabibu, na usiongeze sauti. Mpelekee mkurugenzi namba ya pikipiki ili iondolewe kwenye orodha, maana wapo wanaojipenyeza kwenye mstari wa kuanzia. Kisha mweleze baba dalili za hatari: kichwa kinachozidi kuuma, kutapika tena na tena, usingizi usioamshika, degedege, mkono au mguu kulegea. Moja tu ikitokea, hospitali usiku huohuo. Hapa udaktari wa familia unakufaa kweli: umezoea kuongea na wazazi wenye hofu waliojificha nyuma ya hasira.

Kwa aliyeumia mkono au mguu na anadai yuko sawa, apige pushapu kadhaa, ashike usukani na kubana breki, arukeruke kwa mguu mmoja. Akikunja uso, jibu umelipata.

Hatua ya 10: Kumkabidhi, na ikitokea kifo

Piga simu hospitalini gari likiwa linaondoka. Eleza kwa mpangilio: umri, saa ya ajali, ilivyotokea, majeraha uliyoyaona, vipimo, ulichompa na saa uliyompa. Karatasi moja yenye hayo ifungwe kwa plasta kwenye paja lake, nakala ubaki nayo. Saa ya mkanda wa kukaza iandikwe juu kabisa.

Akifariki, usimtangazie mtu yeyote pale njiani. Mzingireni kwa turubai au mashuka, endeleeni na huduma mpaka mfike mahali pa faragha. Ndugu waambiwe kwanza, wakiwa wamekaa, na wewe mwenyewe, kwa neno "amefariki" badala ya kuzungukazunguka. Polisi watakuja na watahitaji maelezo. Pikipiki na helmeti zisiguswe mpaka wafike. Mbio zikiendelea au zisiendelee ni uamuzi wa mkurugenzi, lakini wahudumu wako waulize kama wanaweza. Wakisema hawawezi, sharti la pili linatumika.

Jioni, kabla hujavua viatu vyenye tope, jaza mtungi, rudisha ulichotumia mkobani, fua khanga. Jumatatu piga simu wodini uulize habari za kila uliyempeleka, na umpigie yule baba pia.